Nilijua Habari za Mbu

Kerubo mwanangu,

Mama yako ameshakwambia yote ya blanketi na sabuni za chuoni, na mahali pa kuficha ufunguo wa sanduku, kwa hiyo huko sina la kuongeza. Yuko chumba cha pili anakunja nguo zako, anazikunjua, anazikunja tena. Namsikia. Mimi nimekaa na kalamu tangu ulipokwenda kuwasindikiza wageni, na nimeshachana karatasi mbili.

Utashangaa kuona nimekuandikia Kiswahili, na humu nyumbani hatukisemi ila akija mgeni. Ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika jeshini. Tena kwa Ekegusii maneno haya yananisonga. Leo mchana nilijaribu kuyasema kwa Ekegusii mbele ya watu, nikashindwa.

Uliniona. Watu wa kanisa walipokwisha kukuombea, mzee akasema, "Baba Kerubo, mpe mtoto neno." Nikasimama. Wiki nzima nilikuwa najiandaa, hata nilipokuwa napalilia nilikuwa nayasema peke yangu kwa sauti. Lakini nilipofungua kinywa nikasema uwaheshimu walimu wako, usome kwa bidii, usiiache Sabato. Watu wakasema amina, nikaketi. Mama yako akapangusa macho akidhani nimesema vizuri.

Nilitaka kusema habari za mama yangu, Bosibori, yule uliyemwita magokoro.

Sijui unamkumbuka kiasi gani. Ulikuwa na miaka sita alipoondoka. Ulilala kwake tangu ulipoachishwa ziwa, maana ndivyo wajukuu wanavyolala kwetu, na mimi nilikuwa vitani. Yeye ndiye aliyekufundisha kutembea na kuogea mtoni. Ndiye pia aliyekufundisha kunicheka mimi, siku niliporudi na viatu vyangu vya jeshi na ukakataa kunisalimia.

Wacha nianzie huko vitani, kwa sababu kosa langu linaanzia huko.

Huko Bama, ng'ambo ya bahari, tulipigana na Wajapani, lakini kabla ya Mjapani tulifundishwa habari za mbu. Kila jioni sajini alipita mstari kwa mstari kuona kama tumeteremsha mikono ya mashati, na kama kila mtu amemeza kidonge chake cha manjano. Tulivimeza mpaka ngozi zetu zikawa manjano. Tulifukia madimbwi, tukamwaga mafuta juu ya maji yaliyotuama, tukalala ndani ya vyandarua hata pale tulipolala na bunduki. "Mjapani anaweza kukukosa," sajini alizoea kusema. "Mbu hakukosi." Alitueleza waziwazi kwamba homa haitoki kwenye hewa mbaya wala kwa jirani mwenye kijicho. Inatoka kwa mdudu huyu mdogo, anakunywa damu ya mgonjwa kisha anakuja kwako. Nilisikia hayo kila siku kwa miaka miwili. Kumbuka hilo unaposoma mbele.

Niliporudi nilijenga nyumba hii. Watu wote wa mlima huu walikuwa na nyumba za mviringo, mimi nikajenga ya pembe nne, yenye madirisha mawili yanayotazama bonde. Kuta nikazipaka udongo mweupe. Udongo wa kukandika niliuchimba nyuma ya nyumba, likabaki shimo kubwa. Na nilikataa meko ndani. Nilimwambia mama yako apikie nje, chini ya kibanda, kwa sababu nilikuwa nimeona nyumba za maofisa na hazikuwa na masizi.

Nilileta pia bomba la kupulizia dawa ya wadudu, lile la kusukuma kwa mkono, lenye kikopo mbele. Nililinunua duka la Mhindi mjini Kisii. Jioni majirani walikuja kunitazama. Nilipuliza pembe hii na pembe ile, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Mbu walianguka. Vile vinzi vidogo vinavyozunguka mkungu wa ndizi unaoiva vilianguka pia, hata nondo. Watoto mlishangilia, wewe ukiwa mbele yao, ukiokota nondo kwa bawa na kuwapelekea kuku.

Mama yangu alisimama mlangoni akitazama. Akauliza, "Na hiyo dawa ikiisha?"

"Nitanunua nyingine, mama."

"Na duka likiwa halina?"

Nilicheka.

Yeye alikuwa na njia yake. Jua lilipokaribia kuzama alichukua kigae cha chungu kilichovunjika, akatia makaa, juu yake mavi makavu ya ng'ombe, na juu kabisa matawi ya kivumbasi. Ukitoka moshi mzito alizunguka nao nyumba yake yote, kitanda kwa kitanda, akafunga mlango, akakaa nje nawe mpaka mbu wote watoke au wafe. Ulikuwa unakohoa na kulalamika. Nguo zako zilinuka moshi hata katika darasa la watoto siku ya Sabato, nami niliona haya. Nikamwambia, "Mama, ukitaka kufukiza, fukiza kwako. Kwangu utanichafulia kuta."

Akasema, "Sawa. Lakini fukia lile shimo, Mokaya. Linalea mbu."

Hilo nililijua kuliko yeye. Nilikuwa nimefukia mashimo mangapi Bama? Lakini nilitaka kujenga stoo na udongo ungehitajika, basi nikaliacha. Mvua ikalijaza. Nilifukia mashimo ya watu nisiowajua, langu likanishinda.

Mwaka uliofuata mvua za masika zilinyesha mno, na zilipokoma ikaja homa. Hata wazee walishangaa. Zamani homa ilikuwa ugonjwa wa mtu aliyeshuka kwenda upande wa ziwa, anairudisha mgongoni kama mzigo. Sasa ilipanda vilima yenyewe. Ilianza kwenye nyumba za bondeni, ikaja nyumba za katikati, ikafika kwetu juu. Onchiri, jirani yetu wa chini ya njia, alizika mabinti wawili katika majuma mawili.

Dawa ya bomba ilikuwa imekwisha. Nilikwenda Kisii nikaambiwa haijaletwa. Nikajaza mafuta ya taa, nayo yakaisha. Baadaye, na hili sijamwambia mtu yeyote, nilikuwa napuliza hewa tupu. Mama yako alikuwa analala na ndugu yako mchanga, Nyakundi, chumba kile kile anachokunjia nguo zako sasa, nami niliingia kila jioni nikasukuma bomba lisilo na kitu, ili asijue kwamba sina tena cha kufanya. Alisema, "Asante, Baba Kerubo," akajifunika.

Mama yangu alikuja na kigae chake mlangoni mwangu mara mbili. Mara ya pili alisema, "Nipe dakika chache tu, kwa ajili ya mtoto." Nilimrudisha. Nilimwambia nimeshapuliza.

Alizunguka kwa majirani. Jioni kwa jioni alipanda na kushuka njia hizi, mzee peke yake, na kigae chenye moshi mkononi na majani kwenye kikapu. Wengine walimruhusu kuingia siku moja, wakachoka na moshi, wakamkataza. Onchiri alimruhusu mara moja.

Nyakundi alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Jumatatu alianza kutetemeka. Jumanne alipoa tukafurahi. Jumatano joto lilirudi na macho yakageuka. Nilimfunga mgongoni kwa shuka kama anavyofunga mwanamke, nikakimbia naye kuelekea zahanati. Hatukufika. Nilijua amekwisha kufa kwa sababu uzito wake mgongoni ulibadilika. Nilikaa kando ya njia kwa muda mrefu, mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda soko la Keumbu akaweka kikapu chake chini, akakaa nami bila kuuliza neno.

Wewe, uliyelala kwenye moshi, hukupata hata joto la siku moja.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Siku ya tatu baada ya mazishi watu walikuja uani kwetu, wanaume kama kumi na watano, mchana kweupe. Onchiri ndiye aliyesema. Alikuwa amekonda mpaka koti lilimning'inia.

"Mokaya," akasema, "tunakuheshimu, na una msiba. Lakini mama yako aliingia kwangu na moshi wake, na kabla ya Sabato kupita nilizika. Amezunguka nyumba zote hizi jioni, wakati watu wema wamekaa kwao. Anachoma majani asiyotuambia jina. Mjukuu anayelala kwake ni mzima, na mjukuu asiyelala kwake amekufa. Tuambie sisi tufikiri nini."

Mama yako alikuwa ameketi chini, nywele zimenyolewa kwa msiba, nguo mbele imelowa maziwa yasiyo na mtu wa kuyanyonya. Aliinua kichwa akanitazama. Naye alikuwa anangoja jibu.

Mama yangu alisimama mlangoni kwake, nawe umeshika nguo yake. Akasema kwa utulivu, "Ni kivumbasi. Kila mmoja wenu ana kivumbasi nyuma ya nyumba. Ni cha kufukuza mbu."

Mtu mmoja akacheka vibaya. "Mbu! Mbu anaua mtu?"

Onchiri akamnyamazisha. Akanigeukia mimi. "Wewe ulikwenda na Wazungu mpaka mwisho wa dunia. Ulifundishwa. Tukikuamini wewe tutakwenda zetu. Je, hii ni dawa, au ni uchawi?"

Kerubo, nilijua. Katika watu wote waliosimama pale mimi peke yangu nilijua. Ningesema maneno ya sajini, mstari mmoja tu, na wangerudi makwao. Lakini nilimtazama mama yako, na nikaona maneno yale yanakwenda wapi. Nikisema ni mbu, basi ni lile shimo. Basi ni meko niliyoyakataa ndani pamoja na moshi wake, na kigae nilichokirudisha mlangoni, na bomba tupu. Nikisema ni mbu, nimemwambia mke wangu kwamba mimi ndiye niliyemuua mwanawe.

Nikasema, "Mimi sijui."

Hakuna aliyenilazimisha. Sikupigwa, sikutishwa. Nilisema sijui, na watu wakashusha pumzi, kwa sababu mtu akifiwa hutaka kuwa na wa kumshika.

Mama yangu alinitazama. Hakulia wala hakunilaani. Onchiri alisema aondoke siku ile ile na hakuna atakayemgusa, na kweli hakuguswa. Akaingia ndani akafunga vitu vyake katika shuka. Alikuwa akienda kwa kaka yake, upande wa Tabaka. Wewe ulimshika nguo ukapiga kelele kwamba unakwenda naye. Ile sauti ya mtu aliyekuwa anakubandua vidole, kimoja kimoja, akisema "mwache, mwache," ilikuwa yangu. Labda umedhani ni ya mwingine. Vijana waliichoma nyumba yake kabla hajafika mtoni, nami nilisimama nikatazama.

Shimo nililifukia wiki ile. Nilifanya kazi hiyo jua likiwaka na watu wakanisifu kwamba msiba haujanivunja.

Unajua mengine. Unajua ulivyokuja siku moja kutoka shule, mdomo umepasuka, umempiga msichana aliyekuita mjukuu wa mchawi. Uliniuliza, "Tata, ni kweli?" Nikakupiga kofi. Nilikwambia nimekupiga kwa sababu ya kupigana. Hapana. Nilikupiga kwa sababu uliuliza, na hukuuliza tena. Katika makosa yangu hili ni dogo, lakini mkono wangu unalikumbuka kuliko makubwa.

Mtu akisema sijui kwa kuogopa, anadhani amejitoa katika jambo. Mimi niliingia ndani zaidi. Kila mwaka uliopita ulikuwa mzito kwa kusema kuliko uliotangulia, maana sasa ningepaswa kueleza pia kwa nini nilinyamaza mwaka jana. Nikafanywa shemasi. Nilisimama mbele ya watu nikasoma maneno ya kweli kwa kinywa kile kile.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu hivi walipokuja watu wa afya na mabomba ya kubeba mgongoni. Utakumbuka tulitoa vitu vyote nje, na kesho yake wewe ndiye uliyefagia: mbu, nzi, vidudu visivyo na jina, ungo mzima. Kabla ya kunyunyiza walitukusanya sokoni na mmoja wao, kijana Mkisii, akaeleza kwa lugha yetu. Mbu anakunywa damu ya mgonjwa. Maji yaliyotuama. Hata moshi, akasema, bibi zetu walikuwa wanafukiza moshi, na ulisaidia.

Onchiri alikuwa amesimama mbele yangu. Niliona shingo yake ikikakamaa. Hakugeuka mpaka mkutano ulipokwisha, ndipo akaja tukatembea pamoja, na tulipokuwa peke yetu akasimama.

"Ulijua?"

Mara hii nilisema kweli. "Nilijua."

Nilidhani atanipiga. Aliketi kwenye jiwe, mtu mzima, akaweka mikono kichwani. "Mimi nilikuuliza," akasema. "Mokaya, mimi nilikuuliza." Alipoinuka akasema, "Twende tukamrudishe."

Tulikwenda kwa miguu, siku mbili baadaye. Mama yako nilimwambia tunakwenda kutazama ng'ombe.

Tulimkuta mama yangu nyuma ya nyumba ya kaka yake, ameketi na wanawake wengine, mbele yao beseni la maji, wanasugua mawe yaliyochongwa mpaka yawe laini. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga wa mawe mpaka viwikoni. Alikuwa amezeeka sana. Alinitambua kwa mwendo kabla hajaniona uso, akasema kwa wenzake, "Huyu ni mwanangu," kama mtu anayejivunia.

Onchiri alipiga magoti pale pale kwenye tope. Alianza kusema, akashindwa kumaliza. Mama yangu akamshika bega. "Wewe ulizika watoto wawili. Hukujua. Inuka, baba, utapata baridi." Akaagiza tupewe chakula.

Onchiri alitoka akatuacha wawili. Nikasema, "Mama, nimekuja nikurudishe nyumbani. Na nina neno la kukwambia. Siku ile..."

Akanikatiza. "Siku ile hukujua."

"Mama, sivyo."

"Mokaya, nisikilize. Nilipofika hapa watu waliniuliza, una mtoto wa kiume mzima, mwenye nyumba, aliyekwenda vitani, mbona umefukuzwa naye yupo? Nikawaambia, mwanangu hakujua. Wenzake walimuuliza naye akasema kweli, kwamba hajui. Nimewaambia hivyo miaka yote hii, na hivyo ndivyo nimeweza kukaa nao. Usije sasa ukanifanya mwongo."

Niliweka uso wangu mikononi mwake nikalia, na aliniacha nilie. Kurudi alikataa. Alisema amezoea. Aliniomba kitu kimoja tu. "Kerubo ana urefu gani?" Nikainua mkono kuonyesha. Akasimama, akasogea mpaka chini ya kiganja changu, nacho hakikugusa nywele zake. "Amenipita!" akasema, akacheka. "Niletee nimwone."

Nikasema nitakuleta baada ya mavuno.

Baada ya mavuno nilisema ni mitihani yako. Baada ya mitihani nikasema ni mvua. Kwa kweli niliogopa mkae pamoja, wewe umuulize, naye anitetee kwako kwa uongo wake ule huku wewe una macho makali ya kuona. Mara mbili alimtuma mtu sokoni Keumbu kuniulizia. Mara ya pili ujumbe ulikuwa, "Mwambie hata kama ni kupita tu njiani." Misimu miwili ya mvua ilipita. Ulikuwa na miaka kumi na mitano kaka yake alipotuma habari kwamba amefariki, kwa kifua. Nilikwenda kumzika. Nyumbani nilisema tena habari ya ng'ombe. Wewe ulinifungulia mlango niliporudi, ukaniuliza kama ng'ombe alikuwa mzuri, nikasema walitaka bei kubwa.

Kwa hiyo si mama yangu tu niliyemnyang'anya. Nawe nimekunyang'anya miaka miwili ambayo ungeweza kukaa naye, ukasugua mawe kando yake, ukamwambia unataka kusomea ualimu. Alikuwa mwendo wa siku moja. Alikuwa anakuita.

Sikuombi unisamehe. Msamaha wa haraka niliupata kwa mama yangu na umeniumiza kuliko fimbo. Nataka tu usitoke hapa kesho ukiwa umebeba maneno ya wale wasichana wa shule kana kwamba yana ukweli. Bibi yako hakuwa mchawi. Alikuwa mtu pekee katika mlima huu aliyekuwa anafanya kazi wakati ule. Na barua hii si siri. Msomee umtakaye. Onchiri yuko tayari kusimama Sabato ijayo kusema sehemu yake, na mimi nimemwambia nitaanza mimi. Najua nilivyoshindwa leo. Ndiyo maana nimeona kuna mtu mmoja lazima aambiwe kwanza, kabla sijapata nafasi ya kuketi tena.

Mama yako hajui. Miaka yote hii anaamini mama yangu alimuua Nyakundi. Naweka kalamu chini. Naenda kumwambia sasa, ukiwa bado hujarudi kutoka kusindikiza wageni.

*

Nimerudi.

Nimemwambia yote, hata bomba tupu. Aliendelea kukunja nguo mpaka nilipofika kwenye bomba, ndipo akasimama. Hakupiga kelele. Akasema, "Mimi nilikuwa nakushukuru."

Baadaye akasema, "Nimemlaani mama yako kila nilipopita kaburi la mwanangu. Kila siku, Baba Kerubo. Nikienda kuchota maji na nikirudi."

Alikaa kitandani, sanduku lako wazi mbele yake. Kisha akatoa kitenge chake kipya, kile alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kukusindikiza, akakirudisha kwenye kamba ya nguo, akavaa leso nyeusi kichwani. Akaniuliza kaburi liko upande gani wa nyumba ya mjomba wangu, na nani atawaonyesha. Nikamweleza.

Akasema kesho mtaondoka mapema, yeye na wewe. Chuoni hutakiwi mpaka Jumapili. Mtashukia Kisii, mtakwenda Tabaka, mtalala huko kwa mjomba kama watawapokea, kisha atakufikisha chuoni mwenyewe. Usimharakishe njiani. Usimuulize kitu mpaka aanze yeye.

Nilimuuliza kama nije nanyi.

"Hapana," akasema. "Wewe ulishakwenda."

Kwa hiyo kesho usinitafute barabarani. Nakuaga hapa, Kerubo, kwa mkono wangu.

Tata yako,
Mokaya